Kiingereza Nilichojifunza Nikitazama Ukuta

Wenzangu walisoma Kiingereza kwa macho. Mimi nilikisoma kwa kisogo. Miezi minne ya mwaka wa 1966 nilikaa katika darasa la gumbaru, yaani la watu wazima, kila Jumanne na kila Alhamisi alasiri, uso wangu ukiwa hatua moja kutoka ukuta wa udongo wa kanisa la Sabato na mgongo wangu ukiwa kwa mwalimu. Nyufa za ukuta ule naweza kuzichora mpaka leo. Sura ya mwalimu siwezi.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Cephas Omwenga, Mkisii kutoka upande wa juu wa Oyugis, na alikuwa amemwoa Rispa, binti yangu wa kwanza. Mtu wa kwetu akisikia hapo ameshaelewa, hana haja ya kuelezwa zaidi. Kwa mgeni nitasema hivi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na mimi heshima hiyo niliishika kama mtu anayeshika kuku wake sokoni. Wakisii nao wanayo, tena ya kwao ni kali, kwa hiyo mkwe wangu naye alifundisha uso wake ukiwa kwenye ubao. Yeye anaangalia mbele, mimi naangalia nyuma, na Kiingereza kinapita katikati kikitafuta wa kumwingia.

Mtauliza kwa nini sikukaa nyumbani nikapalilia mtama wangu. Hata marehemu mume wangu, Jared, aliuliza hivyo, tena zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa chini ya kilima, lina mabati mapya.

Mimi nilikuwa nyamrerwa, mkunga wa kienyeji. Nilizaliwa Muhuru, kule omena, dagaa wa ziwani, inaanikwa mpaka kwenye uwanja wa shule, nikaolewa huku kilimani nyuma ya mji wa Homa Bay, na kwa miaka ishirini hivi karibu kila mtoto wa kilima hiki alidakwa na mikono yangu kabla ya kumwona mamake. Kisha watu wa misheni wakajenga wodi ya wazazi. Vitanda sita, maji ya bomba, na Sista Mzungu aliyeitwa Hilda. Sikuichukia wodi ile. Ningekuwa mjinga kuchukia maji ya bomba. Lakini akina mama wakaanza kuteremkia huko, mimi nawasindikiza mpaka mlangoni, na mlango unafungwa. Siku moja Nyamoita, jirani yangu, alinishika leso akiwa na uchungu na hakutaka kuiachilia. Walimfungua vidole kimoja kimoja. Nilibaki nje na leso iliyokunjamana, nikisikiliza dirishani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Kesho yake nilimwendea Sista. Alikuwapo Maurice, dresa wa pale, yaani msaidizi wa kufunga vidonda, ndiye aliyetafsiri. Nilisema ninataka kuingia ndani ya ule mlango. Sista hakukataa. Alisema anatafuta mwanamke mmoja wa kumsaidia, na habari za mikono yangu amezisikia, ila mtoto anapokuja hakuna nafasi ya kumtafuta Maurice atafsiri. Nikijua vitu vya wodi kwa majina ya Kiingereza, pamoja na maneno ya kila siku, kazi ni yangu. Nisipojua kufikia mwisho wa Agosti, ataletewa msichana aliyesomea Kisumu.

"Mwambie nitajua," nilimwambia Maurice.

"Mama Rispa, unajua ni nani anayefundisha hapo kanisani?"

"Nimesema nitajua."

Darasa jingine lilikuwa Oyugis, na miguu yangu haikuwa ya Oyugis na kurudi kila Jumanne. Watu wakaanza kunishauri. Jared alisema darasa si boma, kwa hiyo nigeuke tu kama watu wengine. Mzee wa kanisa, Onsongo, alisema mbele ya Mungu na mbele ya ubao sisi sote ni wanafunzi. Wengine wakasema niliache darasa, nisimwaibishe mkwe. Niliwasikiliza wote kwa adabu, kisha nikabeba kigoda changu, nikakiweka karibu na mlango wa nyuma, nikauelekea ukuta. Kuliacha darasa sikuliacha, na kugeuka sikugeuka. Nilijiona mwerevu sana. Nilidhani nimewashinda wote.

Mkwe wangu, namshukuru, hakucheka. Alikuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia ili nipate nafasi ya kutazama chini. Na kwa kuwa hakuweza kunisemesha moja kwa moja, alilisemesha benchi la mbele.

"Mwambieni mama aliye karibu na mlango arudie neno."

Nami nilijibu kwa ukuta, "Mwambieni mwalimu neno limesikika," kisha nikalirudia kwa sauti iliyowafanya nyigu waliojenga pale ukutani watoke kuangalia kuna nini.

Kwa ajili yangu, ingawa hakusema ni kwa ajili yangu, alikuwa ameomba vitu kwa Sista na kuvileta ndani ya kikapu. Anakitoa kimoja, anakiinua, anakitaja, darasa linarudia, anakiweka mezani. Sasa fikirini. Darasa linaona kitu. Mimi naona ufa. Kwa hiyo nikawa nasikiliza kile kitu kinavyolia kikiwekwa mezani. Akisema "basin" nikasikia kwaa, nikajua hilo ni karai. "Scissors" zililia chak chak, hizo ni makasi, nani asiyezijua. "Soap" haikulia, lakini harufu yake ilinifikia mpaka ukutani, nikaipokea kwa furaha. Vyombo vyenye kelele na vyenye harufu nilivipata, isipokuwa ndoo na birika, ambavyo vinalia kama ndugu wawili.

Taabu ilikuwa kwa vitu vya kimya. "Towel", "sheet", "blanket", "pillow", "cotton". Hivyo vyote vikiwekwa mezani vinasema pf, basi. Mtu mwenye akili angemwuliza jirani yake kwa kunong'ona. Lakini jirani yangu alikuwa Gesare.

Gesare alikuwa muuza ndizi, Mkisii aliyehamia sokoni kwetu, mwenye ulimi kama wembe wa kinyozi. Siku ya kwanza aliponiona na kigoda changu alisema, "Leo ukuta utajua Kiingereza." Basi ningemwuliza Gesare? Nilikisia. Nilijiambia kwamba vitu vinatoka kikapuni kwa mpangilio wa kitanda, cha chini kwanza, cha juu mwisho, na kila neno nikalipa kitu chake kwa mpangilio huo. Hesabu safi kabisa. Ila kikapu kile, nilikuja kujua baadaye, Rispa alikuwa akikijaza hivi hivi tu.

Na bado nilikuwa wa kwanza darasani. Kutamka nilitamka kuliko wote. Kila wiki benchi liliagizwa liniambie nimefanya vizuri, na kila wiki nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Maneno ya kila siku niliyapenda zaidi, maana hayakuhitaji macho. Mkwe alitufundisha kwamba sisi tunasema kuazima kwa anayetoa na anayepokea, lakini Mwingereza amewatenga: anayechukua ni "borrow", anayetoa ni "lend". Vivyo hivyo anayefundisha ni "teach", anayefundishwa ni "learn", na ole wako uwachanganye. Gesare aliwachanganya mwezi mzima. Akiwa na wateja wake wa hospitali anasema mwalimu ana-learn yeye vizuri. Nilicheka mpaka kigoda kikayumba. Kumbukeni kicheko hicho, kitarudi.

Tulifundishwa pia misemo. Sista akisema "keep an eye on her" hataki utoe jicho, anataka umtazame mgonjwa usimwache. Akisema "give me a hand" hasalimu, anataka umsaidie kubeba. Nililituma benchi limwambie mwalimu kwamba Waingereza wanatapanya viungo vya mwili. Darasa likacheka, na nadhani mkwe pia alicheka, maana chaki ilinyamaza kidogo.

Lakini msemo mmoja ulinikaa moyoni. Alisema mwanamke mwenye mimba Mwingereza hamsemi hivyo mbele za watu. Anasema "she is expecting", yaani anatazamia. Anatazamia nini, hasemi. Nilifurahi sana pale ukutani. Kumbe nao wana vitu wanavyovipa mgongo.

Basi mwisho wa Agosti ulipofika nikateremka wodini, leso mpya, kichwa juu. Maurice alikuwapo. Sista alipanga vitu juu ya meza ndefu akasema anataja, mimi natoa.

"Basin." Nikatoa karai. "Scissors." Nikatoa makasi. "Soap." Sikuangalia hata, nikanusa nikatoa. Maurice alikuwa ameanza kutabasamu.

"Towel," akasema Sista.

Nikampa mto.

Alidhani nimeteleza. Akasema "blanket", nikampa pamba. Akasema "sheet", nikampa taulo, tena kwa mikono miwili, kwa heshima. Alipotaja "bucket" nilimletea birika, nikauliza kwa Kiingereza kama alitaka na chai. Kiingereza chenyewe kilikuwa kizuri. Ndicho kilichomshangaza zaidi. Alinitazama kama mtu anayemtazama kasuku.

Maurice aliniuliza polepole, "Mama Rispa, mwalimu hakuwaonyesha vitu?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema alituonyesha, ila mimi nilikuwa natazama ukuta. Lakini niliona jinsi ambavyo lingesikika kwa Kiingereza, nikaona mkwe wangu akidhaniwa hajui kazi, au mimi nikidhaniwa wa porini. Nikanyamaza. Nilichagua kuonekana mjinga, na nikafaulu vizuri.

Maurice, ambaye ni mtu wa Uriri na anajua mambo haya, alimweleza Sista mwenyewe baadaye. Sista akatuma neno kwa upole: atanipa siku kumi. Nirudi darasani, nikigeuze kigoda, niangalie. Siku ya kumi na moja barua ya Kisumu itatumwa. Kijiji kizima kikajua. Jared akasema, "Kigoda hicho ukikigeuza mara moja tu hakuna atakayekufa." Onsongo akaniletea mstari wa Biblia. Rispa alikuja na ujumbe kwamba mumewe yuko tayari kuliacha darasa ili mtu mwingine afundishe, na mtu mwingine hakuwapo. Mkwe wa namna hiyo, ndipo nimgeukie nimkodolee macho mbele ya watu? Nilisema hapana. Kisha nikaketi jikoni nikawaza juu ya Nyamoita na vidole vyake. Alikuwa na miezi michache tu tangu ajifungue, na wengine watatu kilimani walikuwa, kama wanavyosema Waingereza, wanatazamia. Wote wangeteremka kwenye ule mlango. Ningewasindikiza, na ungefungwa.

Mtu mmoja tu hakuwa ameniambia nigeuke. Gesare.

Nilimkuta sokoni ameketi juu ya gunia lake dogo lililojazwa majani ya migomba, ndizi zimepangwa mbele yake. Nilijifanya nachagua ndizi. Nilichagua mpaka akachoka.

"Mama Rispa, ndizi hizo hazijui Kiingereza. Sema kilichokuleta."

Nikamweleza huku nikiitazama ndizi moja. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Hata kwetu hugeuki," alisema. "Mamangu alikaa ndani ya shamba la mahindi kutwa nzima kwa sababu mkwe wake alikuwa akirekebisha paa. Sasa unataka nini kwangu?"

"Unionyeshe vitu."

"Sema vizuri."

"Nifundishe."

"Ah." Akajinyoosha mgongo. "Nitakufundisha. Lakini ukipita, utasimama darasani useme kwa Kiingereza, kwa sauti yako ile ya kuamsha nyigu, kwamba Gesare ndiye aliyekufundisha. Na utumie lile neno lako sawasawa, wewe uliyenicheka."

Nilimwambia nitafikiri. Akaanza kupanga ndizi zake. Nikamwambia nimekubali.

Nilitaka tufanye kwa siri nyuma ya vibanda. Gesare alisema vitu haviko nyuma ya vibanda. Akamwachia mwenzake ndizi, akanishika mkono, tukazunguka soko zima mchana kweupe. Na alikuwa na wazo ambalo mimi nisingelipata hata kwa miaka kumi ya kutazama ukuta.

"Fumba macho," alisema. "Wewe kutotazama umeshakuzoea. Na kazi yako ni ya mikono. Mikono yako imeshika vichwa vya watoto vibandani bila taa miaka ishirini, itashindwa na taulo?"

Nikafumba. Tulianzia kwa Mokaya, fundi wa cherehani. Akanishikisha kitu laini chenye vinyuzi vilivyosimama kama nywele za mtoto mchanga: "towel". Kitu kipana, baridi, cha kuteleza: "sheet". Dukani tukapata kitu kizito kinachowasha: "blanket". Kwa wakulima waliokuwa wamepumzika na magunia yao ya pamba nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko: "cotton". Ndoo ina mkono wa juu, birika ina mdomo, basi nikayashika masikio ya vyombo vyote vya soko nikiyaita majina. Tukarudi kwenye gunia lake.

"Na hii ndiyo 'pillow'," alisema Gesare. "Ya Sista inakaa kichwani. Ya kwangu inakaa hapa." Akaikalia tena.

Soko lote lilikuwa likitufuata. Wanawake wa samaki walinishikisha vitu ambavyo hospitali yoyote haina. Mzee mmoja aliniwekea kofia yake mkononi akataka ajue inaitwaje. Nilifumba macho, nikajiambia kwamba wasioonekana hawapo. Tulifanya hivyo siku nane. Siku ya nane nilivuta kitu chochote kwa vidole viwili nikakitaja kabla Gesare hajamaliza kukinyanyua, naye akasema, kwa uchungu fulani, kwamba mimi si mjinga kama alivyotarajia.

Siku ya kumi nikateremka. Vitu vilikuwa mezani. Sista alikuwa peke yake, na alionekana ana wasiwasi. Alinieleza kwa ishara kwamba Maurice amekwenda Migori kuchukua dawa. Lakini ameshatuma mtu wa kutafsiri aitwe, yuko njiani.

Nikasikia kikohozi mlangoni.

Kikohozi kile nilikijua. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu Homa Bay nzima anayekohoa hivyo kabla ya kuingia mahali. Nikageuka haraka nikaupa uso ukuta, ambao kwa bahati ulikuwa umepakwa rangi nyeupe na hauna nyufa za kutazama. Nyuma yangu nikasikia viatu vikiingia, vikasimama ghafla, kisha vikajigeuza navyo. Mkwe alikuwa ameelekea dirishani.

Basi hali ilikuwa hivi: mimi ukutani, yeye dirishani, na Sista Hilda katikati na meza yake ya vitu, anageuka huku anageuka kule. Aliuliza jambo. Hakujibiwa na yeyote. Nadhani alifikiri tumegombana.

Ningeweza kuomba ifanyike kesho. Lakini kesho ilikuwa siku ya barua. Nikarudi kinyumenyume mpaka kiuno changu kikagonga meza, nikapeleka mikono nyuma.

"Mwambieni Sista ataje," nikauambia ukuta.

Mkwe alitafsiri kwa dirisha. Kisha Sista akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, "Towel."

Vidole vikatembea mezani. Vinyuzi vilivyosimama. Nikavuta, nikanyoosha nyuma, mtu akapokea.

"Sheet." Baridi, ya kuteleza. "Blanket." Ile inayowasha. "Cotton." Nilimpa pamba akaichukua haraka, sasa alikuwa akitaja upesi upesi kama anayenitega. "Bucket", mkono wa juu. "Kettle", mdomo. "Pillow", nikayakumbuka makalio ya Gesare, nikatoa mto bila kucheka. Akasukuma mabakuli mawili ya maji akataka lile la "warm", si lile la "hot". Nilitia kidole. Maji ya kumwogesha mtoto hayahitaji Kiingereza.

Mwisho alishika upande mmoja wa kitanda akasema, "Give me a hand." Nilisikia pumzi ya mkwe ikisimama pale dirishani. Nikarudi kinyumenyume, nikashika upande wa pili wa kitanda kwa nyuma, tukakinyanyua.

Sista alikaa juu ya kitanda chenyewe. Aliuliza mambo mengi na mkwe akajibu mengi, Kiingereza kirefu ambacho sikukipata chote, ila nilisikia "respect" mara mbili. Kisha mkwe akakohoa.

"Kuna mtu hapa ameulizwa kama akina mama watakaokuja kujifungua nao atawapa mgongo."

"Aambiwe wenye uchungu si wakwe zangu," nikasema.

Aliambiwa. Sista akacheka, kicheko cha pua, mara moja tu. Akasema nianze Jumatatu. Halafu akamwambia mwalimu atoke sasa, maana wanaume wasiofanya kazi pale hawaruhusiwi katika wodi ile, na viatu vilipofika mbali nikageuka. Niliona kwamba pale mezani Sista alikuwa amevichanganya vitu vyote upya wakati nimempa mgongo, ili nisiwe nimekariri mahali. Mwanamke mwerevu. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na wa kwanza kuja alikuwa mmoja wa wale watatu wa kilimani. Alinishika leso mlangoni, nami nikaingia nayo.

Lakini niliacha deni la neno, na Alhamisi ilifika. Nilikwenda darasani na kigoda changu ingawa sikuhitaji tena kwenda. Nilikiweka palepale. Mwalimu akakohoa, akaingia, akaelekea ubao. Nikasimama. Nyigu walikuwapo, ufa ulikuwapo. Nilitumaini kwamba Gesare hakuja, lakini nilimsikia akimenya ndizi.

"Mwambieni mwalimu kuna mtu anataka kusema," nilisema.

Benchi likamwambia. Akasema benchi liniambie niseme.

Nilivuta pumzi, nikauambia ukuta, "Gesare taught me."

Neno lilikuwa sahihi. Sikumchanganya anayefundisha na anayefundishwa. Nilikuwa nimeshaanza kukaa niliposikia sauti ya Gesare, mdomo umejaa ndizi, ikiliomba benchi la mbele limwambie mama aliye karibu na mlango kwamba hakusikia vizuri, arudie.